Jibu: Je, dola za leo zilizaliwa Westphalia?

Mkuu, umeuliza kama kweli mfumo wa dola huru ulianzia kwenye mikataba ya amani ya Westphalia, eneo la Ujerumani, mwaka 1648. Nusu kweli. Mikataba ile ilisainiwa 24 Oktoba kumaliza Vita vya Miaka Thelathini vya Ulaya, na wajumbe hawakukaa pamoja katika mji mmoja: Wafaransa walikuwa Münster, Waswidi Osnabrück, kilomita kama 50 hivi, barua zikienda na kurudi. Ukiisoma, huikuti kanuni ya "usiingilie mambo ya jirani". Utakuta mali za makanisa (zirudi zilivyokuwa 1624!), fidia ya jeshi la Waswidi, na haki za watawala wadogo wa Kijerumani, ambao walibaki chini ya Kaisari wa Dola Takatifu ya Kirumi hadi 1806. Hayo ya mamlaka kamili yamepachikwa baadaye sana. Papa Innocent X aliilaani mikataba yote, wakampuuza.