Koni moja, ripoti mbili: mm 2.5 au mm 4?

Mkuu, umeuliza inakuwaje slaidi zilezile za koni ya mlango wa kizazi (kipande cha umbo la koni kilichokatwa humo kutafuta saratani) zisomwe kina cha uvamizi, yaani saratani ilivyopenya ndani, cha mm 2.5 maabara moja na mm 4 kwingine. Kwanza uliza kila mmoja alianzia wapi kupima. Kina hupimwa kuanzia chini ya epitheliamu (tabaka la seli linalofunika) ambako uvamizi umechomoza, iwe ya juu au ya tezi, hadi seli ya saratani iliyozama zaidi. Uvamizi ukiwa umetoka kwenye tezi halafu wewe ukaanzia juu, unajiongezea milimita za bure. Na hapo ndipo penye ugomvi: kwa FIGO 2018 (mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani hii), kina cha hadi mm 3 ni hatua IA1, zaidi ya 3 hadi 5 ni IA2, kupita hapo ni IB. Kikomo cha zamani cha upana wa mm 7 hakihesabiwi tena. Seli zikiwa ndani ya mishipa ya damu au limfu hatua haipandi, ila ziandikwe. Daktari wa upasuaji anazihitaji.

Pia huenda pale hakuna uvamizi kabisa. CIN3 (mabadiliko makali ya seli ambayo bado hayajapenya) iliyoingia kwenye tezi, ikikatwa mshazari, hudanganya wengi. Tazama ukingo wa kisiwa cha seli: ukiwa laini wa mviringo, na pembeni yamebaki masalia ya seli za ute, hiyo bado ni CIN3. Uvamizi wa kweli una ncha zilizochongoka, na seli zake ni kubwa na za pinki kuliko zile zilikotoka. Kata slaidi za ndani zaidi kwenye bloku hiyo (kipande kilichogandishwa kwenye nta) kabla ya kubishana.

Lakini kosa kubwa huanzia mezani, kabla ya slaidi kutengenezwa. Koni ije nzima, ina uzi wa alama penye 12 ya uso wa saa, ndani ya formalini ya 10% yenye ujazo angalau mara 10 ya kipande. Paka wino kingo zilizokatwa, ifungue, ibane kwenye kizibo, ikishakazika kata vipande vya mm 3 kufuata urefu wa mfereji, vyote viingie kwenye bloku kwa mpangilio wa saa. Ikija vipande vinne kwenye chupa moja, usijumlishe vina vyake.

Mwisho angalia wino wa kingo. Uvamizi ukiufikia, FIGO inaiweka IB1, na ile 2.5 na 4 zote hazina kazi tena.