Konokono wakijaa kwenye tangi la samaki, anza na chakula

Ukifuga samaki wa mapambo Mwanza, konokono utakutana nao tu. Wanaingia na majani. Mtu anashuka ufukweni, anang'oa majani ya chini ya maji, anayasuuza mara moja na kuyatia tangini. Mayai yamegandia nyuma ya jani ndani ya ute usio na rangi, wala huyaoni. Baada ya wiki chache kioo kimejaa vidoa vinavyotembea.

Nafuga furu, samaki wa Ziwa Victoria, na watu wakinipigia kuhusu konokono huwa wanaulizia dawa. Mimi nawauliza: samaki unawalisha mara ngapi? Konokono wengi wa maji baridi wana jinsia zote mbili, na baadhi yao akibaki mmoja tu anaweza kujirutubisha na kutaga. Wale wa gamba refu lililochongoka, wanaojichimbia mchangani mchana, ni balaa zaidi: jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto kabisa badala ya kutaga. Sasa hao utawaokota mpaka lini? Kinachowapunguza ni njaa. Wanaishi kwa chakula kilichozama bila kuliwa, kwa mwani, na kwa majani yanayooza.

Lisha mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa ndani ya dakika mbili tatu, na siku moja katika wiki usilishe kabisa. Samaki mzima hafi kwa kufunga siku moja, msimwonee huruma ya bure. Wengi wetu tunatumia dagaa wa kusaga kwa sababu ni rahisi kupatikana, pale Mwaloni Kirumba wamejaa, lakini unga wake unazama haraka na kujificha kwenye changarawe. Kila unapobadilisha maji, nyonya uchafu wa chini kwa mpira.

Huku njaa ikifanya kazi, tega. Usiku ukishazima taa, weka kwenye kisahani kipande cha tango au jani la kabichi lililochemshwa kidogo. Alfajiri kitoe na wote waliokipanda. Rudia kila usiku hadi uone wanaopanda ni wachache.

Mrututu na dawa nyingine zenye shaba zinaua konokono, hilo sibishi. Lakini zinaua na kamba wadogo, na samaki wenyewe hudhurika zaidi maji yakiwa laini, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Halafu konokono wote wakifa kwa mpigo, mizoga inaoza chini ya mchanga usikoweza kuifikia, amonia, sumu itokanayo na kuoza huko, inapanda, na asubuhi unawakuta samaki wanahema juu juu. Mimi siziweki tangini.

Kuna pia anayetaka samaki wa kula konokono. Ziwani tunaye: furu anayeitwa kitaalamu Astatoreochromis alluaudi, mwenye taya la pili kooni la kuponda magamba. Aliwahi kupandikizwa kwenye mabwawa ili apunguze konokono wa kichocho, na matokeo yakawa hafifu. Akikua kwa chakula laini, taya lile halikomai. Kwa hiyo ukimpata akiwa mdogo, mzoeshe konokono wadogo mapema, maana aliyelelewa kwa unga wa dagaa atawapita tu. Na usimweke tangi moja na samaki wadogo wadogo.

Kichocho chenyewe sasa, kwa sababu sisi tuko kando ya ziwa. Konokono anayebeba kichocho cha tumbo, Biomphalaria, ni bapa, gamba limejiviringa kama kamba iliyokunjwa sakafuni. Aliyezaliwa ndani ya tangi lako hana vimelea, kwani huvipata kwenye maji yaliyoingia kinyesi cha mgonjwa. Wa kuogopa ni aliyetoka ziwani juzi. Vimelea vinatoka mwilini mwake, vinaogelea, na vinapenya ngozi ya mkono wako.

Kwa hiyo majani ya ziwani hayaingii tangini moja kwa moja. Vaa glavu ndefu, yaweke kwenye ndoo yenye shabu, ile ya kusafishia maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, uyaache siku mbili hadi tatu, kisha uyasuuze vizuri. Maji ya ziwa nayo yachuje konokono, kisha uyahifadhi siku mbili kabla ya kuyagusa. Vimelea vitakuwa vimekufa. Kama ulishazoea kuingiza mikono mitupu, nenda kituo cha afya ukapime choo. Dawa yake ipo, prazikwanteli.

Waliotegwa wamwagie maji ya moto, kisha wazike. Usiwatupe mtaroni, mvua ikinyesha mitaro yetu inaishia ziwani. Wachache wanaobaki kwenye kioo mimi nawaacha walambe mwani.