Chupa za bia ya nyumbani: osha kwanza, ndo uue vijidudu

Wadau wapya mnaoanza kutengeneza bia nyumbani, leo naongelea chupa tu, maana naona mtu anahangaika wiki nzima na hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu) na kimea halafu chupa anazisuuza juu juu jioni ya kujaza, na hapo ndo bia nzuri inapoharibikia. Mimi nshamwaga bia mara mbili kwa sababu ya usafi na mara zote mbili nilikuwa na sanitaiza nzuri na niliipima kama maelezo yanavyosema, kumbe shida ilikuwa kabla ya sanitaiza.

Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili, na moja haifanyi kazi ya mwenzake. Kuosha ni kutoa uchafu, yaani mashapo ya hamira yaliyokaukia kwenye kitako cha chupa, gundi ya lebo, mafuta mafuta, ukungu. Kuua vijidudu ni kumalizia vile vichache vilivyobaki kwenye kioo ambacho tayari kimetakata. Sanitaiza lazima iguse kijidudu ndo ikiue, sasa ikikuta tabaka la hamira kavu inaishia juu juu, vya chini vinapona, ukishajaza bia yenye sukari ya kutengeneza gesi vimepata chakula na muda wa kutosha. Ndo maana ukimwona mtu anaongeza dozi ya sanitaiza ili asisugue, mwambie hapati kitu.

Mara ya kwanza ilikuwa hivi. Chupa 38 za nusu lita, wiki ya tatu naonja, tamu kabisa. Wiki ya sita nafungua moja, povu likapanda lenyewe bila kutikisa, nusu ya bia ikaishia mezani. Nikaishika ile chupa nikaiangalia shingoni, pale bia ilipokuwa inafikia, kuna pete nyembamba nyeupe imezunguka kioo kwa ndani, ukiigusa na brashi inateleza. Nikapitia zote kwenye taa nikakuta 11 zina pete, zilizobaki safi. Halafu nikamimina moja mbovu nikaisuuza nikaiinamisha kwenye mwanga, na kwenye kona ile ambapo kitako kinakutana na ubavu kulikuwa na doa la kahawia kama ukucha, gumu, la zamani, wala halikutokana na bia yangu. Nililiacha mwenyewe siku ya kuosha kwa sababu niliangalia chupa kutokea juu, na kutokea juu ile kona huioni.

Hii kanuni ishike: zikiharibika chupa baadhi tu, kosa liko kwenye chupa. Zikiharibika zote, angalia vitu vilivyogusa bia yote, yaani ndoo, mpira wa kuhamishia, koki, ile fimbo ya kujazia. Mara ya pili ziliharibika zote, lita 19, chachu chachu kama maziwa mgando. Nikaifungua koki ya ndoo ya kujazia vipande vipande, kumbe nilikuwa naioshaga ikiwa imefungwa hivyo hivyo, na ndani pale kinapozunguka kile kishikio kulikuwa na uteute mweupe unanuka siki. Bia yote ilipita hapo.

Kabla ya kulaumu usafi lakini hakikisha hukuzidisha sukari. Kwa bia za kawaida ni kama gramu 5 mpaka 7 kwa lita, na usijaze kabla bia haijamaliza kuchachuka, kipimo cha haidromita (kile kifaa cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki) kikae palepale siku 2 au 3. Bia iliyozidishwa sukari inafumka povu ila ladha ni nzima. Yenye vijidudu inafumka na ladha inabadilika, inakuwa chachu, au nyepesi kama maji, au inanukia dawa ya hospitali.

Na hapa nawaomba muwe makini kweli. Bia yenyewe mara nyingi haitakuumiza tumbo, kileo pamoja na asidi na hopsi haviruhusu vijidudu vya magonjwa kustawi humo. Hatari iko kwenye kioo. Hamira pori, yaani ile iliyoingia yenyewe na uchafu, inakula sukari ambazo hamira yako iliziacha, gesi inaongezeka wiki hadi wiki mpaka chupa inapasuka, na chupa ya presha ikipasuka vipande vinaruka. Ukishakuta moja inafumka hivyo, zilizobaki usizishike mikono mitupu. Vaa gluvu nene na miwani ya kazi, zifunike na taulo nzito, zipeleke kwenye friji taratibu zipoe sana ili presha ishuke, ndo ufungue moja moja.

Sasa kazi yenyewe. Chupa iliyo rahisi kuosha ni ile uliyoisuuza dakika ileile uliyomaliza kunywa. Maji ya moto kidogo, tikisa kwa nguvu, mwaga, rudia mara tatu, ilaze kichwa chini ikauke. Nikifanya hivyo siku ya kujaza sina kazi ya kusugua kabisa. Chupa iliyolala na bia mwezi mzima, au ya kuokota, hiyo iloweke usiku kucha kwenye maji ya moto yenye ule unga wa kuoshea unaotoa oksijeni (sodiamu pakaboneti ndo kiini chake), asubuhi lebo nyingi zinatoka zenyewe, unapitisha brashi, unasuuza mpaka kioo kiache kuteleza. Sabuni ya vyombo siipendi, ikibaki inaua povu la bia na harufu yake inang'ang'ania. Kisha kila chupa, kila moja jamani, iangalie kwenye taa kutokea chini na ubavuni. Yenye doa lisilotoka au mdomo uliomeguka itupe, usiionee huruma. Na zile za kizibo cha kuzungusha ziache, nyingi hazibani vizuri na vizibo vya kugonga.

Kuua vijidudu mi natumia sanitaiza ya asidi, Star San na jamii yake, karibu mililita 1.5 kwa lita ya maji, chupa ilowe ndani kote dakika 1 mpaka 2, mwaga, jaza bia. Husuuzi. Najua lile povu linatisha, mi mwenyewe mwanzoni nilikuwa nalisuuza na maji ya bomba, yaani narudisha vijidudu kwenye chupa niliyotoka kuitakasa, kumbe povu kidogo lililobaki halidhuru bia wala ladha. Ila ukizidisha kipimo ruhusa ya kutosuuza haipo tena, kwa hiyo pima na bomba la sindano, usikadirie na kifuniko. Iodofa, yaani sanitaiza ya ayodini, nayo nzuri, kipimo ni miligramu 12.5 za ayodini kwa lita, dakika 2, ikipoteza ile rangi ya kahawia ujue nguvu imeisha, na itakupaka rangi mipira yako.

Jiki inawezekana kama huna kingine, isiyo na manukato, kama mililita 4 kwa lita ya maji baridi dakika 20, lakini hiyo lazima uisuuze na maji yaliyochemshwa yakapoa, na usuuze kwelikweli, maana klorini ikibaki inaungana na vitu vya kwenye bia inatoa ile ladha ya plasta ya kidonda, na kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu. Na usiichanganye na siki wala sanitaiza ya asidi hata siku moja, inatoa gesi ya klorini, ni sumu ya mapafu.

Wenye oveni mna njia tamu: chupa safi na kavu, mdomo ufunike na kipande cha foili, ziweke oveni ikiwa bado baridi, pandisha polepole mpaka nyuzi 170, kaa hapo saa moja, zima na uziache zipoe humo humo. Hiyo foili ukiiacha chupa inabaki salama mpaka siku unayotaka. Haraka tu ndo mbaya, kioo kikipata joto au baridi ya ghafla kinapata nyufa usizoziona, na hata ukienda polepole ukizirudia rudia mara nyingi kioo kinachoka.

Vizibo watu wanavisahau. Viloweke kwenye sanitaiza hiyo hiyo wakati unajaza, utoe kimoja kimoja. Vile vyenye utando wa kunyonya oksijeni usivichemshe wala usivipashe joto, vinaharibika.

Siku ya kujaza mi naweka sanitaiza pia kwenye chupa ya kupulizia, kila nikigusa simu au mlango napulizia mikono, napulizia na mdomo wa koki kabla haijatiririka. Chupa tano za mwisho naziandikia alama kwenye kizibo, hizo ndo zimepitia koki kwa muda mrefu zaidi, naanza kunywa hizo. Halafu hata nikichoka vipi koki naifungua usiku ule ule, vipande vyote kwenye maji ya moto na ule unga, pamoja na mpira na fimbo, kwa sababu bia ikishakauka mule ndani itabidi uanze kuchokonoa na kijiti cha meno, na hutajua kama umefika kote.