Ada Hailipwi na Koti Lile

Wadogo zangu wa kwaya, mmeniandikia kwamba mnataka kunifuata huku ughaibuni, kwamba mmeona picha yangu nimevaa koti jeusi lenye mikia, fimbo ya kuongozea okestra mkononi, na kwamba huko inasemekana okestra ndiyo inayowasomesha watoto wa nyumbani. Nimenyamaza miaka mingi. Leo najibu.

Ada ya shule inatoka dukani. Mimi ni meneja wa duka la nguo: napanga zamu, nahesabu mali usiku, na mteja akimfokea keshia naitwa mimi. Okestra ya pichani hunialika mara mbili tatu kwa mwaka na kunilipa kwa onyesho. Majuma ninayokesha na nota za kila ala hayalipwi na mtu. Hata kibali changu cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba wa duka. Nikiuacha, naondoka nchini.

Kazi yenyewe siionei haya. Kinachoniuma ni kwamba niliwaficha. Kila mlipoandika "Mungu aubariki muziki wako", nilipokea shukrani kwa jambo lisilo kweli.

Basi msije? Msije kwa sababu ya picha. Lakini nisikilizeni. Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, huanza na kimya kifupi, ndipo zije zile nota tatu za haraka. Kimya hicho lazima ukionyeshe kwa mkono, wapigaji wote wavute pumzi pamoja nawe, la sivyo wataingia vipande vipande. Usiku nilipokipata kimya kile, nilijua sitarudi nyumbani. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nafungua duka. Nitawaambiaje msije?

Jifunzeni nota zinazoandikwa kwenye mistari mitano. Solfa, ile ya do-re-mi, peke yake haitoshi. Tafuteni cheti cha kazi nyingine, na msimwachie mtu yeyote pasipoti zenu. Wewe wa fidla, njoo: okestra nyingi huku husaili wapigaji nyuma ya pazia, hawaoni sura wala hawajui jina. Wewe unayetaka kuongoza, fikiri tena. Mwongozaji hana pazia. Huchaguliwa akitazamwa, na mimi nimetazamwa nikaambiwa asante mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hata hivyo, leta fimbo yako.

Ada ya muhula ujao nitatuma mwisho wa mwezi, duka likilipa. Mama mwambieni ukweli huu taratibu. Hapana, acheni. Nitampigia mwenyewe Jumapili.