Muziki wa Simu Unakwaruza Redioni

SWALI: Nina kifaa cha kurushia FM kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari na kuungwa na simu kwa waya. Muziki unakwaruza, na nikiwa safarini stesheni nyingine huingilia. Nifanyeje?

JIBU: Kifaa hicho hurusha mawimbi hafifu, ya mita chache tu, kwa hiyo stesheni yenye nguvu huyafunika. Pitisha redio polepole kuanzia 87.5 hadi 108 utafute mahali penye “shhh” tupu. Kisha sikiliza 0.2 juu na 0.2 chini, napo pawe kimya. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani stesheni jirani humwagikia pembeni. Weka kifaa kwenye namba hiyo hiyo. Ukifika eneo jingine, tafuta upya.

Sauti ya simu iache kwenye robo tatu, uongezee redioni. Ikijaa kabisa, besi hupasuka. Ikiwa ndogo mno, “shhh” hupanda pamoja na muziki.

Ukisikia mvumo unaopanda kila ukikanyaga mafuta, chomoa chaja ya simu. Ukikoma, kelele zinapitia kwenye nyaya za umeme wa gari: tumia simu bila kuichaji.