Andika siku homa ilipoanza

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka tisa alishikwa na homa kali, kichwa kinamuuma na macho yanamuuma kwa ndani. Nilimpeleka kituoni, akatobolewa kidole, kipimo kikaonesha hana malaria. Tukapewa panadol tukarudi nyumbani. Siku ya sita nikampeleka pengine, wakasema wanashuku kidingapopo, yaani homa ya dengi, lakini kipimo walichonacho "kimeshachelewa". Alhamdulillahi amepona, lakini hilo neno la kuchelewa limenikaa moyoni. Wifi yangu wa Unguja anasema siku hizi kuna vipimo vya nano vinavyokamata virusi hata kabla mtu hajajihisi mgonjwa. Ni kweli? Na huku kwetu vitatufaa nini?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa siku sita hizo.

Wifi yako amesema kweli, ila ameisema nusu. Na hiyo nano anayoisifu wewe umekwisha kuiona kwa macho yako. Ule wekundu wa mstari kwenye kipimo cha kidole ni dhahabu. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni: unywele wa kichwa una upana wa nanomita kama 80,000, na kirusi cha kidingapopo kina 50 hivi. Dhahabu ikifanywa chembe za nanomita 40, zikaelea majini, haibaki ya manjano kama ya pete. Inakuwa nyekundu kama maji ya komamanga. Mwanasayansi Michael Faraday aliieleza rangi hiyo kule London mwaka 1857, na leo ndiyo tunayoisomea majibu.

Kila chembe hubandikwa kingamwili, protini ambayo kazi yake ni kumshika adui mmoja tu. Damu ikipanda kwenye utepe huzizoa chembe hizo na kwenda nazo. Mbele kuna mstari usioonekana, nao umetiwa kingamwili. Kinachotafutwa kama kimo, kinashikwa huku na huku, dhahabu inakwama pale kwa wingi mpaka jicho linaona. Kama hakimo, dhahabu inapita zake hadi mstari wa C, ule unaoonesha kuwa kipimo chenyewe kimefanya kazi.

Sasa dhahabu ya kipimo cha malaria inaijua protini ya vimelea vya malaria, basi. Virusi vya kidingapopo vinaweza kupita mbele yake kwa maelfu isivitambue. Kwa hiyo "hana malaria" haikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuishia hapo, khasa Zanzibar hii ambapo malaria imepungua mno na homa nyingi zinazoingia mlangoni ni za kitu chengine.

Na hili la kuchelewa ndilo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Kidingapopo kina protini yake inayoitwa NS1, ambayo huelea kwenye damu tangu siku ya kwanza ya homa na huisha karibu na siku ya saba. Kwa mtu aliyewahi kuugua zamani huweza kuisha mapema zaidi. Kingamwili za mwili wenyewe huanza kuonekana siku ya nne au ya tano. Kipimo cha NS1 siku ya pili ni dema la samaki lililotegwa maji yanajaa. Siku ya nane unalitega pwani kavu, na dema lenyewe halina ubaya wowote. Ukipima kingamwili siku ya pili utaambiwa hana, na anayo maradhi.

Nimefanya kazi maabara za Pemba miaka 27 na bado kuna asubuhi moja siwezi kuisahau. Mama mmoja alikuja na mtoto wa kike, homa ya siku mbili. Kipimo kilikuwa cha kidingapopo, maelekezo yanasema soma baada ya dakika 15 na usizidishe 20. Mama ana wasiwasi wa gari ya Konde, foleni imefika nje, na mimi nikakisoma dakika ya saba. Hakuna kitu. Nikaandika "hana". Nilipokuja kusafisha meza, dakika ya 18, nikakiinua kipimo kile dirishani: kuna mstari, mwembamba kama uzi wa kufumia kofia, rangi ya waridi iliyofifia. Mstari uliofifia ni mstari. Nilimtuma kijana akimbie kituo cha magari, akamkuta mama ameshapanda. Mtoto alirudi, akapewa maji ya kutosha na kuangaliwa kila siku. Lakini mkononi mwa mama ulikuwamo mkebe wa diklofenaki alionunua njiani, na dawa hiyo, pamoja na aspirini na ibuprofeni, haifai kwa kidingapopo kwani huongeza hatari ya kutoka damu. Tangu siku ile niliweka saa ya mshale mbele ya kila kipimo.

Turudi kwa wifi yako. Anavyovisikia yeye ni biosensa, vitambuzi vinavyobadilisha mguso wa kirusi kuwa alama ya umeme au ya mwanga. Mwaka 2004 kundi la mwanasayansi Charles Lieber wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilionesha kuwa waya wa silikoni, mwembamba wa kupimwa kwa nanomita na uliotiwa kingamwili, unaweza kuhisi kirusi kimoja kimoja cha mafua kinapotua na kinapoondoka. Kirusi kimoja! Mimi niliyezoea kusubiri mamilioni yakusanyike ndiyo nione mstari, habari ile ilinisisimua. Mwaka 2020 watafiti wa Korea Kusini wakatumia grafini, kaboni iliyotandazwa unene wa atomu moja, wakaitia kingamwili za korona. Protini ya kirusi ikigusa, umeme unaopita kwenye grafini unabadilika papo hapo.

Lakini tazama walichokiandika wenyewe. Ndani ya maji safi ya maabara kitambuzi kile kilihisi kiasi kidogo kabisa cha protini ya korona; ndani ya majimaji ya kuhifadhia kijiti cha puani, ilihitajika protini mara 100 zaidi. Damu na mate vimejaa vitu vyengine vinavyong'ang'ania pale pale pa kirusi. Halafu kuna chumvi. Wavuvi wa dagaa wanaijua taa ya karabai: maji yakiwa maangavu mwanga unazama mbali, yakitibuka na mvua za masika unaishia juu juu. Chumvi ya damu inafanya hivyo kwa umeme. Nguvu ya umeme inafika kiasi cha nanomita moja tu, na kingamwili inayomshika kirusi ina urefu wa kama kumi. Kirusi kimenaswa, lakini kimesimama gizani. Wanasayansi wanapunguza chumvi, wanatumia vishikizi vifupi zaidi, na wanasogea. Mimi nawaombea dua, kwa sababu nimeona watoto wanaoweza kufaidika.

Na "kabla hajajihisi mgonjwa"? Kwa kidingapopo, tangu kuumwa na mbu hadi homa hupita siku 4 hadi 10, na virusi huanza kuonekana kwenye damu siku moja au mbili kabla ya homa. Mlango upo, ila ni mwembamba. Nani atakayepima damu akiwa mzima? Kwa fikra yangu, watu wa nyumba moja na mgonjwa, na damu inayotolewa kwa ajili ya wengine. Hapo kitambuzi cha namna hiyo kingekuwa na thamani kubwa.

Kisiwa chetu hakianzii sifuri. Pale Wawi, Chake Chake, kuna maabara ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000. Na homa hizi ni za kwetu zamani: daktari James Christie, aliyekuwa Unguja, aliandika juu ya mripuko wa mwaka 1870 akautaja kwa jina alilolisikia kwa watu wenyewe, kidinga pepo. Wako wasomi wanaosema huenda ile ilikuwa chikungunya, homa nyengine ya mbu, kwa namna viungo vilivyowauma watu. Mbu ni yule yule wa mchana, homa ni ile ile, na miaka 150 baadaye bado tunabishana ilikuwa ipi, kwa kuwa hakukuwa na kipimo cha kuitaja jina.

Kwa hivyo mwanangu, akipata homa tena, chukua daftari lake la hospitali uandike siku na saa homa ilipoanza. Ukifika, itaje kabla hujaulizwa. Akiambiwa hana malaria, uliza kipimo cha NS1. Na homa ikishuka usilegee: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au mtoto kulegea na kuhangaika, mrudishe saa hiyo hiyo, hata usiku.

SWALI

Bibi, kuna mtu Darajani anauza bangili, anasema ina nano na inakujulisha virusi vikiingia mwilini. Ninunue? Kijana, Jang'ombe.

JIBU

Usinunue, mwanangu. Kitambuzi lazima kiguse kirusi au protini yake, na hivyo vimo kwenye damu, mate au kamasi. Bangili iko juu ya ngozi. Ikiwa nzima itakuhesabia mapigo ya moyo na kukupimia joto. Hizo ni khabari za homa, jina la homa hailijui. Pesa hizo nunulia mifuniko ya mapipa ya maji nyumbani, mbu wasizaliane humo.