Jibu: mkasi wa meno mangapi kwa kazi ya saluni?
Dada, umeuliza kuhusu mkasi wa kupunguza ujazo wa nywele, ule wenye meno kama kitana: uchukue wa meno 40 au wa meno 15. Kama pesa ni ya mmoja tu, chukua wa meno 30 hadi 40. Huo hupunguza ujazo kidogo kidogo, na hata mkono ukiteleza mteja haondoki na mashimo kichwani. Wa meno 15 hutoa nywele nyingi kwa mkato mmoja. Unafaa nywele nzito, ila usianze nao.

Kabla ya kulipa, omba kuujaribu. Shika kishungi cha nywele kavu, bana mara moja, kisha fungua polepole ukiuvuta. Nywele zikinasa kwenye meno, urudishe palepale, maana huo utamuumiza mteja. Chagua pia wenye shikio la kidole gumba fupi kuliko jingine. Mkono hauchoki upesi. Chuma cha 440C, aina ya chuma cha pua kigumu, kinatosha kabisa.

Na tafadhali, usikatie wigi za plastiki. Wangu wa kwanza uliisha makali hivyo hivyo, nikampelekea mnoa visu wa mtaani, jiwe lake likala meno. Nililia kweli. Mpe fundi anayenoa mikasi ya saluni tu.